Shauri Linapokawia: Lalamiko la Ucheleweshaji na Namna ya Kulimaliza kwa Makubaliano

Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini hao hao wakasema ngojangoja huumiza matumbo. Mwananchi mwenye shauri mahakamani huishi kati ya methali hizo mbili. Huitwa tarehe fulani, akapanda gari kutoka kijijini, akakaa kwenye benchi hadi mchana, kisha akaambiwa arudi mwezi ujao. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya safari za namna hiyo, wengi hukata tamaa. Baadhi huacha kuhudhuria, na shauri lao likafutwa. Wengine huuza mifugo ili kulipia nauli. Wapo pia wanaoamini kwamba hakuna pa kusemea, kwa kuwa mahakama ni mhimili huru usioingiliwa.

Ni kweli kwamba mahakama haiingiliwi katika uamuzi wake. Si kweli kwamba kuchelewa hakuna pa kusemewa. Makala haya yanawaeleza wakazi wa kata za Musoma, Bunda na Butiama sheria inavyosema kuhusu ucheleweshaji, ngazi za kupelekea lalamiko, na jinsi lalamiko hilo linavyoweza kumalizwa kwa makubaliano pasipo mlalamikaji kupoteza madai yake ya msingi.

Maswali mawili ndani ya shauri moja

Kila shauri lina maswali mawili. La kwanza ni nani mwenye haki. La pili ni lini jambo hilo litaamuliwa. Swali la kwanza hujibiwa na hakimu, jaji au baraza peke yake, na asiyeridhika hukata rufaa. Swali la pili lina njia zake. Mwananchi anayeyachanganya maswali haya hujikuta akigonga mlango usio wake. Huandika barua kwa Mkuu wa Wilaya akiomba apewe shamba, ilhali alichostahili kulalamikia ni kwamba shauri la shamba hilo halijasikilizwa kwa miezi kumi na minane.

Mfano wa kufikirika unafaa hapa. Mkulima wa Nyamuswa, wilayani Bunda, ana mgogoro wa mpaka na jirani yake, na shauri liko katika Baraza la Ardhi na Nyumba. Misimu miwili ya kilimo imepita, na kila upande unaogopa kulima eneo linalobishaniwa. Shauri limeahirishwa mara saba. Mara mbili shahidi wa jirani hakufika, mara moja mkulima mwenyewe alikuwa mgonjwa, na mara nne baraza lilikuwa likisubiri ramani ya upimaji kutoka ofisi ya ardhi. Mkulima huyu ana madai mawili. Dai la mpaka litaamuliwa na baraza. Dai la ramani isiyofika ni lalamiko linalojitegemea, na linaweza kumalizwa mapema zaidi.

Sheria inavyosema

Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inazielekeza mahakama zote kufuata kanuni kadhaa zinapoamua mashauri ya madai na ya jinai. Miongoni mwazo ni kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, na kukuza usuluhishi baina ya wenye migogoro. Ibara ya 13 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unataja katika Ibara ya 7 haki ya kusikilizwa ndani ya muda unaofaa na mahakama isiyopendelea.

Sheria za kawaida nazo zimeweka vipimo. Katika kesi za jinai zinazosikilizwa na mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, kesi ya mshtakiwa aliye mahabusu haipaswi kuahirishwa kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, ukomo ni siku 30. Upande wa mashtaka ukihitaji kuahirisha kwa jumla ya zaidi ya siku 60, hutakiwa kuwasilisha hati maalumu ya kuomba muda, na muda huo wote haupaswi kuvuka miezi 24, isipokuwa kwa makosa fulani makubwa yaliyotajwa katika sheria. Usikilizaji ukikamilika, hukumu inapaswa kutolewa ndani ya siku 90.

Kipimo kimoja humhusu mwananchi mwenyewe. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Anayelalamikia ucheleweshaji wa wengine huku mwenyewe amepitisha siku hizo hudhoofisha hoja yake.

Si kila kuchelewa ni uvunjaji wa haki

Katiba inakataza ucheleweshaji usio na sababu ya msingi. Maneno hayo yana uzito. Shauri lenye mashahidi ishirini haliwezi kwenda kasi ya shauri lenye mashahidi wawili. Mahakama za haki za binadamu, barani Afrika na kwingineko, hutazama mambo matatu: ugumu wa shauri lenyewe, mwenendo wa wahusika, na mwenendo wa vyombo vya dola. Aghalabu hutazama pia kilicho hatarini kwa mlalamikaji. Mtu aliye mahabusu, mtoto anayedaiwa matunzo, au mzee anayesubiri mirathi, kila mwezi unaopita humgharimu zaidi.

Kesi moja ya Tanzania inaonyesha kipimo hicho kikitumika. Raia kumi wa Kenya walishtakiwa mjini Moshi kuanzia mwaka 2006, na kesi yao ikachukua miaka mingi. Walilalamika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 18 Machi 2016 mahakama hiyo iliamua kwamba haki yao ya kusikilizwa ndani ya muda unaofaa, pamoja na haki ya kupata msaada wa kisheria, zilikuwa zimevunjwa. Mahakama ya Arusha ilishughulikia swali la muda na la utetezi. Kuamua kama watu hao walitenda makosa waliyoshtakiwa ilibaki kazi ya mahakama za ndani.

Njia hiyo ya Arusha imebadilika. Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, na kuondolewa huko kulianza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Kwa hiyo ngazi za hapa nyumbani zimekuwa na umuhimu mkubwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida.

Ngazi ya kwanza: mahakama yenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari, na lalamiko la ucheleweshaji ni vivyo hivyo. Anayesema "nimezungushwa miaka mingi" husikilizwa kwa huruma, ila anayeonyesha tarehe husikilizwa kwa vitendo. Kuanzia siku shauri linapofunguliwa, inafaa kuwa na daftari lenye namba ya shauri, jina la mahakama, kila tarehe aliyoitwa, kilichofanyika siku hiyo, na sababu iliyotolewa ya kuahirisha. Sababu hutamkwa mbele ya wahusika, na mwenye shauri anaruhusiwa kuuliza asipoielewa.

Shauri likikwama, hatua ya kwanza ni barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama husika, au kwa Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba ikiwa shauri liko huko. Barua isizidi ukurasa mmoja, nayo iwe na mambo haya:

1. Namba ya shauri, majina ya wahusika na tarehe lilipofunguliwa.
2. Orodha ya maahirisho na sababu ya kila moja, pamoja na yale yaliyosababishwa na mwandishi wa barua mwenyewe.
3. Hatua ambayo shauri limefikia, kwa mfano kusubiri shahidi, hukumu, au nakala ya mwenendo wa shauri.
4. Madhara ya kuchelewa: shamba kutolimwa, mtoto kukosa matunzo, mtu kuendelea kukaa mahabusu.
5. Kinachoombwa, kwa lugha iliyo wazi: shauri lipangiwe tarehe ya kusikilizwa, hukumu isomwe, nakala itolewe.

Barua haipaswi kueleza kwa nini mwandishi anastahili kushinda. Ikifanya hivyo, itaonekana kuwa jaribio la kumshawishi hakimu nje ya mahakama, na upande wa pili utakuwa na haki ya kulalamika. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na kutunzwa.

Ikiwa hakuna jibu, ngazi ya juu yake ina mamlaka ya usimamizi. Mahakama ya Wilaya inaweza kuitisha na kukagua kumbukumbu za Mahakama ya Mwanzo. Mahakama Kuu ina mamlaka kama hayo juu ya mahakama za chini na juu ya mabaraza ya ardhi na nyumba. Kwa miaka mingi rufaa na maombi kutoka Mara yalipelekwa Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Sasa Mahakama Kuu ina masjala yake mjini Musoma, na mwenye shauri anaweza kufika kwa Jaji Mfawidhi au Naibu Msajili kwa barua bila kuvuka mkoa.

Ngazi ya pili: Kamati za Maadili

Wapo wanaochelewa kusikilizwa kwa sababu ya mwenendo wa mtumishi: hakimu asiyefika kazini bila taarifa, jalada linalopotea kila mara mwenye shauri asipotoa chochote, au lugha ya kumvunja mtu moyo. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda Kamati za Maadili ya Maofisa wa Mahakama katika mikoa na wilaya. Kamati ya Wilaya, inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, hupokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Kamati ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa, hupokea yale yanayowahusu mahakimu wa wilaya na mahakimu wakazi. Juu ya kamati hizo ipo Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Kamati hizi hazibadilishi hukumu, na hazina uwezo wa kumwamuru hakimu aamue hivi au vile. Kazi yake ni maadili. Mwananchi anayepeleka huko nakala ya hukumu iliyomshinda ataambiwa akate rufaa, na huku siku zake 30 zikiendelea kuhesabiwa.

Ngazi ya tatu: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Historia ya chombo hiki inaihusu Butiama kwa namna ya pekee. Mwaka 1966, chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, Tanzania ilianza kuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Ilikuwa taasisi ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Iliundwa ili mwananchi asiye na uwezo wa wakili aweze kulalamikia matumizi mabaya ya madaraka. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa mujibu wa Ibara ya 129 ya Katiba. Makao yake makuu yako Dodoma, na ofisi yake ya Mwanza huwahudumia wakazi wa Kanda ya Ziwa. Lalamiko hupokelewa kwa maandishi au kwa mdomo, bila malipo, na mtu anaweza kulalamika kwa niaba ya mwingine asiyeweza kufika, kama vile ndugu aliye gerezani.

Upo mpaka ambao wengi hawaufahamu. Sheria ya Tume inaizuia kuchunguza jambo ambalo liko mbele ya mahakama au chombo kingine cha kutoa haki. Anayeandika "Tume inisaidie kushinda kesi yangu" atarudishiwa lalamiko lake. Mpaka huo unalinda uhuru wa mahakama, na humlinda pia mlalamikaji dhidi ya mpinzani mwenye jina kubwa ambaye angeweza kutumia mlango huo huo.

Hata hivyo, si kila kinachochelewesha haki kimo ndani ya chumba cha mahakama. Ofisi ya umma inaweza kushindwa kutoa waraka unaohitajika. Karatasi za rufaa ya mfungwa zinaweza kukwama kabla ya kufika masjala. Fidia iliyokwisha kuamuliwa inaweza kukaa miaka bila kulipwa. Hayo ni masuala ya utawala bora, na Tume ndiyo inayopima kama lalamiko limo ndani ya mamlaka yake. Sheria inaipa pia uwezo wa kutembelea magereza na mahabusu, na kusuluhisha kwa njia ya upatanishi.

Mkulima wa Nyamuswa, katika mfano uliotangulia, hataiambia Tume kuhusu mpaka wa shamba. Ataanza kwa kumwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kuhusu ramani iliyoombwa na baraza. Halmashauri isipojibu, ataieleza Tume kwamba ofisi ya umma imeshindwa kutoa waraka kwa miezi kadhaa, akiambatisha barua zake zenye mihuri.

Maana ya kumaliza kwa makubaliano

Lalamiko la aina hii likifika kwa Tume, au hata likiwa bado ngazi ya halmashauri, linaweza kumalizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni uchunguzi kamili unaoishia kwenye matokeo na mapendekezo. Ya pili ni makubaliano: ofisi iliyolalamikiwa inakubali kufanya jambo fulani kwa tarehe fulani, na mlalamikaji anakubali kutoendelea na lalamiko la ucheleweshaji iwapo jambo hilo litafanyika.

Njia ya pili huwa ya haraka kwa kuwa haihitaji kwanza kuthibitisha nani alikosea. Barani Ulaya hutumika sana. Serikali nyingi zilizolalamikiwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa mashauri kuchelewa zimekubali kulipa kiasi fulani cha fedha, na malalamiko yakafungwa. Mwaka 2001 Italia ilitunga sheria maalumu ya kuwalipa watu waliocheleweshewa mashauri, ili wasilazimike kwenda nje ya nchi kutafuta nafuu hiyo. Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Hapa makubaliano hulenga zaidi kuondoa kikwazo kuliko kulipa fidia, na kwa mwenye shamba lisilolimwa, ramani inayofika barazani wiki ijayo ina thamani kubwa.

Makubaliano yanayofaa yana sifa zifuatazo:

1. Yameandikwa kwa Kiswahili, yamesainiwa na pande zote mbili, na kila upande una nakala.
2. Yanataja kitendo mahususi. "Ofisi itashughulikia suala hili" si kitendo. "Ofisi itawasilisha ramani ya upimaji katika Baraza la Ardhi na Nyumba" ni kitendo.
3. Yanataja tarehe ya mwisho na cheo cha ofisa atakayewajibika, ili uhamisho wa mtumishi usiyafute.
4. Yanaeleza kitakachofuata tarehe ikipita: kwamba lalamiko litafufuliwa mahali lilipoishia.
5. Yanatamka wazi kwamba shauri la msingi linaendelea, na kwamba mlalamikaji hajaacha dai lolote lililo mahakamani.

Sharti la tano ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Mtu aliyechoka anaweza kutia saini karatasi inayosema "nimeridhika na sina dai lolote", akidhani anamaliza suala la ramani, kumbe amempa mpinzani wake hoja ya kutumia barazani. Asiyeweza kusoma vizuri asomewe na mtu anayemwamini, naye asitie dole gumba siku ile ile kama ana shaka. Hakuna sheria inayomlazimisha mlalamikaji kukubali makubaliano. Anaweza kuyakataa na kuomba uchunguzi uendelee.

Kwa upande wa makosa ya jinai, makubaliano ya namna hii hayafuti kesi. Uamuzi wa kuendelea na mashtaka au kuyaondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kinachoweza kukubaliwa ni mambo ya kiutendaji, kwa mfano mfungwa kupewa nakala ya hukumu ili akate rufaa.

Funzo kutoka Nyamuma

Mkoa wa Mara una kumbukumbu ya lalamiko la haki za binadamu lililokwenda njia ndefu. Mwezi Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, jirani na Bunda na Butiama, waliondolewa katika makazi yao kando ya hifadhi, na nyumba zikachomwa moto. Walalamikaji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walifika mbele ya Tume. Mwezi Desemba 2004 Tume ilitoa matokeo yake kwamba haki za wananchi hao zilivunjwa, na ikapendekeza walipwe fidia na warejeshwe. Serikali haikukubaliana na mapendekezo hayo. Suala likahamia Mahakama Kuu na baadaye Mahakama ya Rufani, na hoja kubwa ikawa namna mapendekezo ya Tume yanavyoweza kutekelezwa kisheria.

Mambo mawili yanajitokeza katika historia hiyo. Kwanza, Tume hutoa mapendekezo, haitoi amri kama ya mahakama. Mamlaka iliyopendekezewa isipotekeleza, sheria inaruhusu hatua kuchukuliwa mahakamani, lakini hapo safari ya pili huanza. Pili, lalamiko la haki linaweza lenyewe kuwa shauri la miaka. Ndiyo sababu makubaliano yenye tarehe, pale upande wa pili unapokuwa tayari kwa dhati, mara nyingi humsaidia mwananchi kuliko ushindi wa karatasi. Pale upande wa pili usipokuwa tayari, au pale nyumba za watu zilipochomwa na ukweli unapohitaji kutamkwa hadharani, uchunguzi kamili hubaki kuwa njia stahiki.

Kuzuia kuchelewa kabla hakujaanza

Migogoro mingi ya ardhi ingeweza kumalizwa kabla ya kufika mbali. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Linapatanisha, na likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo mwananchi huiwasilisha katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria imelipa Baraza la Kata siku 30. Zikipita bila suluhu, mwananchi hazuiwi tena kusonga mbele. Kujua idadi hiyo ya siku pekee kunaweza kumwokolea mtu mwaka mzima.

Kwa anayekusudia kuishtaki halmashauri yenyewe, sheria inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo zinafaa kutumiwa na pande zote kutafuta suluhu, kwa kuwa zimewekwa kabla ya shauri kuanza na kabla ya gharama kukua.

Pa kupata msaada

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walio katika jamii, ambao huwasaidia wananchi kuelewa haki zao na kuandika barua bila malipo. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kumwelekeza mwananchi kwa wasaidizi waliosajiliwa katika eneo lake. Ofisa Mtendaji wa Kata anaweza kumpa barua ya utambulisho. Kila mwaka, katika Wiki ya Sheria inayoishia kwa Siku ya Sheria mapema Februari, mahakama hutoa elimu na ushauri kwa umma. Ni fursa ya mwenye jalada lililokwama kuuliza ana kwa ana limefikia wapi.

Mvuvi wa Majita, mchimbaji wa Buhemba na mkulima wa Nyamuswa hawawezi kuharakisha hukumu kwa nguvu zao, wala haifai waweze. Wanachoweza ni kuhesabu siku, kuzitaja sababu, kulenga ofisi iliyokwamisha, na kutia saini makubaliano yale tu ambayo yana kitendo na tarehe. Daftari la kurasa chache, likianzwa siku shauri linapofunguliwa, ndilo mwanzo wa yote hayo.